Shajara ya Mradi: Orodha ya Mabadiliko ya Jeni Yanayopunguza Kingamwili, Mtwara

Mei, mvua zikiisha

Mradi huu unaandaa orodha fupi, kwa Kiswahili, ya mabadiliko ya jeni yanayomfanya mtu ashindwe kutengeneza kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na vijidudu, za kutosha. Walengwa ni matabibu, wauguzi na wateknolojia wa maabara wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za mkoa wa Mtwara. Tunaoiandaa ni wachache: mimi ni mteknolojia wa maabara, na wenzangu ni daktari wa watoto, tabibu aliyefanya kazi kwa muda mrefu upande wa Newala, na mkunga mstaafu wa Mikindani ambaye sote tunamwita Bibi. Hatukusanyi sampuli wala taarifa za mgonjwa yeyote. Tunasoma yaliyokwisha kuthibitishwa, tunayachambua, kisha tunayaandika kwa namna ambayo mtu aliye zamu ya usiku ataweza kuitumia.

Mtoto anayerudi wodini na nimonia kila baada ya miezi michache, huku kwetu, ana sababu nyingi zinazoweza kumrudisha: malaria, utapiamlo, VVU, kifua kikuu, selimundu. Daktari hufanya vyema kuzifikiria hizo kwanza, kwa kuwa ndizo zilizoenea. Tatizo hutokea pale zote zinapokwisha kuondolewa na mtoto bado anatoka usaha masikioni, bado anakohoa, bado anaharisha. Ndipo faili huandikwa "nimonia ya kujirudia", maneno ambayo yanaeleza kilichoonekana bila kusema kimetoka wapi. Kamati ya kimataifa ya wataalamu wa elimu ya kinga ilihesabu kasoro za kuzaliwa za kinga zipatazo 485 katika orodha yake ya mwaka 2022, na kwa idadi ya wagonjwa, kundi la upungufu wa kingamwili ndilo kubwa kuliko mengine, likibeba karibu nusu yao.

Tumekubaliana jambo moja ambalo litaongoza kazi yote. Orodha za kitaalamu tunazozisoma huanza na jina la jeni, kisha zikashuka hadi kwa mgonjwa. Yetu itapanda kutoka kwa mgonjwa: kila ukurasa utaanza na kinachoonekana kwa macho na kwenye kadi ya kliniki, ufuate ukoo, kisha vipimo vinavyopatikana, na jina la jeni lije mwisho. Jina la badiliko lisilounganishwa na mtoto aliye mbele ya tabibu halimsaidii tabibu wala mtoto.

Juni: ukurasa wa BTK

Tumeanza na jeni ya BTK kwa sababu ndiyo inayoeleweka kuliko zote katika kundi hili. Mwaka 1952 daktari wa jeshi la Marekani, Ogden Bruton, alieleza habari za mvulana wa miaka 8 aliyekuwa akiugua mara kwa mara maambukizi makali ya bakteria wa nimonia. Seramu yake, yaani maji ya damu yasiyo na chembe, ilipotenganishwa kwa umeme, sehemu ya gamaglobulini, ambayo ndiyo yenye kingamwili, haikuonekana. Bruton akamchoma chini ya ngozi gamaglobulini iliyotoka kwa watu wengine, na mtoto akapata nafuu. Ilipofika mwaka 1993, makundi mawili ya watafiti yaliyofanya kazi kila moja kivyake yalitambua jeni yenyewe, iliyoko kwenye mkono mrefu wa kromosomu X, eneo la Xq22, nayo ikaitwa kwa jina la Bruton.

Protini inayotengenezwa na jeni hiyo imejengwa kwa vijenzi 659 viitwavyo asidi amino, na kazi yake ni kupitisha ishara ndani ya seli B changa, chembe nyeupe ambazo zikikomaa hutengeneza kingamwili, zinazokua kwenye uboho. Ishara isipopita, seli hizo hukwama katika hatua ya mwanzo na hazitoki kuingia kwenye damu. Kwa hiyo mtoto hukutwa na seli B chini ya asilimia 2 ya limfosaiti zake (chembe nyeupe za kinga), na aina kuu tatu za kingamwili, IgG, IgA na IgM, zote hushuka kwa pamoja. Hata hivyo mtoto huyu huzaliwa mzima, kwa sababu IgG ya mama ilimfikia kupitia kondo la nyuma. IgG hiyo hupungua kwa nusu kila takribani wiki 3, kama akiba ya ghalani ambayo hakuna anayeijaza, na baada ya miezi 6 hivi magonjwa huanza kupokezana. Kwenye kadi ya kliniki, tunatarajia mstari wa uzito uliokuwa ukipanda vizuri uanze kulegea katika nusu ya pili ya mwaka wa kwanza.

Tabibu wetu amesisitiza kwamba mstari wa kwanza kabisa wa ukurasa uwe ule wa koo. Mtoto mwenye kasoro ya BTK huwa na mafindofindo madogo mno au hana kabisa, kwa kuwa tezi hizo hujengwa kwa kiasi kikubwa na seli B. Tochi na kijiti cha kukandamizia ulimi vipo hata kwenye zahanati ya mbali kabisa. Mtoto wa miaka miwili aliyeugua masikio na kifua mara nyingi angepaswa kuwa na mafindofindo yaliyovimba. Ukimulika ukakuta pametandazika, hilo ni jambo la kuandikwa kwenye faili kwa maneno yanayosomeka.

Kuhusu mabadiliko yenyewe, tumelazimika kueleza tofauti na selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao wasomaji wetu wanaufahamu. Kwenye selimundu badiliko ni moja, mahali pamoja, kwa wagonjwa wote. Kwenye BTK yamekwisha kuandikwa mamia ya mabadiliko tofauti, yametawanyika karibu katika jeni nzima, na familia nyingi zina lake ambalo halifanani na la familia nyingine. Lipo linalobadilisha herufi moja, kwa mfano c.83G>A, ambalo huweka asidi amino ya histidini mahali pa ajinini kwenye nafasi ya 28 na kuizuia protini isishike kwenye utando wa seli inavyopaswa. Yapo yanayokatisha protini katikati. Yapo yanayofuta kipande kikubwa. Ndiyo maana hakuna kipimo kimoja kidogo cha kutafuta "badiliko la BTK": jeni nzima, yenye vipande 19 viitwavyo eksoni, ni lazima isomwe. Kipande kinachofutwa kikigusa pia jeni jirani ya TIMM8A, mtoto hupata uziwi. Tumeweka swali la kusikia kwenye ukurasa, pamoja na tahadhari kwamba mtoto aliyetoka usaha masikioni kwa muda mrefu anaweza kupoteza usikivu bila jeni hiyo ya pili kuhusika.

Suala la polio limetuchukulia muda mrefu kuliko yote. Chanjo ya matone ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtoto asiye na kingamwili anaweza kupooza kutokana navyo, au kuendelea kuvitoa kwenye choo kwa muda mrefu. Lakini matone hutolewa tangu kuzaliwa, kabla ya dalili yoyote, na sentensi moja ikisomwa vibaya inaweza kuwafanya akina mama wa kijiji kizima waikimbie kliniki. Daktari wetu alikataa, na nadhani ana haki, kuandika chochote kinachofanana na "usichanje". Tumeandika hivi: ikiwa kaka au mjomba wa mtoto amekwisha kuthibitishwa kuwa na ugonjwa huu, daktari aarifiwe kabla ya mtoto huyo wa kiume kupewa matone, ili apangiwe chanjo ya sindano ambayo haina virusi hai, na wanaoishi naye pia wapangiwe vivyo hivyo. Watoto wengine wote wachanjwe kama ratiba inavyosema.

Julai

Ukurasa wa pili una jeni tano, IGHM, IGLL1, CD79A, CD79B na BLNK, nao ni mfupi. Zote hukwamisha seli B changa, na mgonjwa hufanana sana na wa BTK. Lenye uzito kwa msomaji wetu ni kwamba kasoro hizi hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Kwa hiyo msichana mwenye picha ileile ya ugonjwa asiondolewe kwenye fikra eti kwa sababu ugonjwa wa Bruton ni wa wavulana.

Ukurasa wa tatu ni tofauti, nao umenivutia kuliko nilivyotarajia. Hapa seli B zipo, IgM ipo, mara nyingine kwa wingi, ila mwili hauwezi kubadili aina ya kingamwili kutoka IgM kwenda IgG au IgA. Mabadiliko hayo ya aina yanahitaji mwili uikate na kuiunga upya DNA yake wenyewe: kimeng'enya kinachotokana na jeni ya AICDA hugeuza herufi C kuwa U ndani ya DNA ya seli B, na kimeng'enya kingine, cha jeni ya UNG, huiondoa U hiyo ili ukataji ufuate. Kasoro ya AICDA ilielezwa mwaka 2000, na ya UNG mwaka 2003. Juu ya hapo seli B hungoja amri ya seli T, chembe nyeupe nyingine za kinga, amri ambayo hupitia protini ya jeni ya CD40LG, iliyoko pia kwenye kromosomu X, eneo la Xq26.

Tumeitenga CD40LG kwa mstari mwekundu, kwa sababu madhara yake hayaishii kwenye kingamwili. Mtoto huyo hupata nimonia ya kuvu wa Pneumocystis, ileile ambayo wodini huhusishwa mara moja na VVU, na vimelea vya Cryptosporidium vinavyomletea kuharisha kusikokoma vinaweza hatimaye kuharibu njia za nyongo na ini. Picha hiyo pamoja na kipimo cha VVU kilichotoka hasi ni sababu tosha ya kumpigia simu daktari wa watoto siku hiyohiyo.

Tumepatana pia jinsi ya kuandika majina ya mabadiliko. Kila badiliko litaandikwa kwa herufi ya DNA na kwa asidi amino, likitanguliwa na jina la nakala ya jeni iliyotumika kuhesabu, maana hesabu ikianzia mahali pengine namba hubadilika. Mfano tuliouweka ni wa selimundu: vitabu vya zamani huliita badiliko la nafasi ya 6, na mfumo wa sasa huliita la nafasi ya 7 kwa sababu huihesabu asidi amino ya kwanza kabisa, badiliko ni lilelile.

Agosti: badiliko linalopatikana hata kwa wenye afya

Sasa tumefika kwenye upungufu wa kingamwili wa aina mseto, ambao huanza kwa wengi ukubwani au utotoni baada ya miaka 4, na ambao kwa wagonjwa walio wengi hakuna jeni moja inayopatikana kuwa chanzo. Tangu jeni ya ICOS ilipotambuliwa mwaka 2003, zimefuata nyingine: TNFRSF13B mwaka 2005, CD19 mwaka 2006, LRBA mwaka 2012, CTLA4 mwaka 2014, NFKB1 mwaka 2015.

TNFRSF13B ndiyo iliyotulazimisha kusimama. Mabadiliko yake mawili, c.310T>C na c.542C>A, yalipokutwa kwa wagonjwa yalionekana kuwa jibu. Baadaye yalikutwa pia kwa watu wenye afya njema, wakiwemo ndugu wa wagonjwa haohao waliobeba badiliko lilelile bila kuugua. Leo huhesabiwa kuwa yanaongeza uwezekano wa kuugua, bila kutosha yenyewe kuleta ugonjwa. Mtu akiletewa jibu la maabara lenye jina hilo, anaweza kuhitimisha kwamba tatizo limepatikana, akaacha kutafuta. Au akamwambia kijana mzima kwamba ana ugonjwa ambao hana.

Kwa hiyo tumeongeza safu mpya kwenye jedwali, inayoeleza kama badiliko limewahi kukutwa kwa watu wenye afya njema. Tumetumia ngazi tano zilizowekwa mwaka 2015 na vyama vya wataalamu wa jenetiki na patholojia wa Marekani, kuanzia badiliko linaloleta ugonjwa hadi lisilo na madhara, na katikati yake badiliko ambalo maana yake bado haijawa bayana. Ngazi hiyo ya katikati inatuhusu sana sisi. Hifadhi za kulinganishia zimejengwa kwa sehemu kubwa kwa damu ya watu wenye asili ya Ulaya, ilhali Waafrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi za kijenetiki duniani. Utafiti wa H3Africa, mtandao wa watafiti wa jenetiki barani Afrika, uliochapishwa mwaka 2020, uliosoma vinasaba vya watu 426 wa makundi 50 ya lugha barani, ulikuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Badiliko linaloonekana adimu likilinganishwa na damu ya London linaweza kuwa la kawaida kabisa Tandahimba, na uadimu ni moja ya hoja zinazotumika kulihukumu badiliko kuwa baya.

Ninalisema hili kwa uzito: sitaki orodha yetu impe mtu wa kusini hukumu iliyokadiriwa kwa watu wengine. Pale ambapo ushahidi umetoka kwa wagonjwa wa bara moja, tumeandika hivyo hivyo pembeni ya badiliko.

Kuhusu upungufu wa IgA peke yake, tumeandika aya moja tu. Ni wa kawaida kwa watu wa asili ya Ulaya, takribani mtu 1 kati ya 600, ni adimu zaidi Japani, wengi walio nao hawaugui, na hakuna jeni moja ya kuuwekea ukurasa.

Septemba: fomu ya ukoo

Fomu ya ukoo tuliyoichukua kama mfano ilianza kama fomu nyingi za serikali zinavyoanza: jina la baba, jina la babu. Bibi aliisoma taratibu, akaiweka chini, akasema: "Mwanangu, huku kwetu ukitaka kujua waliozaliwa na waliokufa, muulize mama wa mama. Baba utamkuta shambani, hajui hata mtoto alianza lini kuugua."

Maneno hayo yameigeuza fomu nzima, na sayansi inayaunga mkono. Jeni za BTK na CD40LG ziko kwenye kromosomu X, na mvulana hupata X yake kwa mama. Mama anayebeba badiliko ana uwezekano wa nusu kwa nusu, katika kila ujauzito wa mtoto wa kiume, kuzaa mtoto atakayeugua. Na nusu kwa nusu kwa kila binti kuwa mbebaji kama yeye. Baba mgonjwa hawezi kumrithisha mwanawe wa kiume. Kwa hiyo habari tunayoitafuta imelala kukeni: kaka za mama, watoto wa kiume wa dada zake, kaka za bibi mzaa mama. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa desturi hufuata ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana nafasi kubwa; ina maana kumbukumbu ambayo kwingine ingetafutwa kwa taabu, hapa bado imehifadhiwa na wazee. Fomu mpya inaanza na mama, inapanda kwa mama yake, inatandaa kwa wajomba na mama wadogo na mama wakubwa, na kuumeni kunafuata baadaye.

Tuliijaribu kwa familia zetu wenyewe kabla ya kuipeleka kwingine. Kilichojitokeza mara moja ni kwamba vifo vya watoto wa zamani hukumbukwa kwa kilichoonekana, kama homa, degedege au kifua, na si kwa jina la ugonjwa. Fomu haitaulizia jina la ugonjwa. Inauliza: alikuwa wa kiume au wa kike, alikuwa ameanza kukaa, kutambaa au kutembea, alikuwa akiugua mara kwa mara au alifariki kwa ugonjwa mmoja wa ghafla. Watoto wawili au watatu wa kiume wa ukoo mmoja wa mama, wote wakiwa wameanza kuugua baada ya kujifunza kukaa, ni picha ambayo tabibu hapaswi kuipita. Muulizaji aanze na salamu kamili, atoe pole kwa kila mtoto anayetajwa, asiharakishe.

Kuna mambo mawili tumeyaandika kwa herufi nzito. La kwanza, ukoo usio na mgonjwa mwingine hauondoi uwezekano. Karibu nusu ya wavulana wenye kasoro ya BTK huwa wa kwanza kujulikana katika familia, kwa kuwa mabadiliko mapya hutokea. La pili linamhusu mama. Yeye mwenyewe huwa mzima, kwa sababu seli B zilizofanikiwa kukua mwilini mwake ni zile zinazotumia kromosomu X yake isiyo na kasoro. Hakufanya lolote kuleta badiliko hilo, si chakula, si dawa, si mwenendo. Sentensi hiyo tumeitaka isomwe mbele ya mume na wakwe ikiwa mama ataridhia, maana sote tumeona jinsi mwanamke anavyotupiwa lawama pindi wanawe wa kiume wanapofariki.

Kwa jeni zinazorithiwa pande zote mbili, kama CD79A au LRBA, swali la undugu wa wazazi haliepukiki. Mabinamu wa kwanza hushiriki kwa wastani sehemu 1 kati ya 8 ya jeni zao, na ndoa zao zinakubalika katika familia nyingi za hapa. Tabibu alipendekeza tuulize "Baba na mama wa mtoto wana undugu wa upande gani?", swali linaloweza kujibiwa "hawana" bila aibu na "ni mabinamu" bila aibu. Limepita.

Oktoba: kinachoweza kuonekana maabara

Msimu wa korosho umeanza na mikutano yetu imepungua, kwa hiyo sehemu hii nimeiandika zaidi peke yangu. Ndiyo ninayoijua kwa mikono yangu.

Kupima IgG, IgA na IgM kwa kiasi chake ndiko njia iliyonyooka, lakini hakupatikani kila mahali. Kabla ya kufika huko kuna vipimo vya kawaida vinavyozungumza. Toa albumini kutoka kwenye jumla ya protini za seramu, na kinachobaki ni globulini, ambayo kwa sehemu kubwa ni kingamwili. Kwa watu wazima nchini Uingereza, globulini iliyokokotolewa chini ya gramu 18 kwa lita imetumika kama ishara ya kupima kingamwili. Hapa kwetu, ambako malaria na maambukizi mengine huipandisha globulini, matokeo ya chini yanastahili kushtua zaidi. Pima pia protini kwenye mkojo, maana figo zinazovuja huipoteza IgG na kuleta picha inayofanana.

Kundi la damu nalo lina habari. Mtu wa kundi O ana kingamwili dhidi ya A na dhidi ya B kwenye seramu yake, nazo ni za aina ya IgM pamoja na IgG. Mtoto aliyevuka mwaka mmoja, wa kundi O, A au B, ambaye seramu yake haigandishi seli za kundi ambalo hana, anaweza kuwa hatengenezi kingamwili. Mteknolojia akikuta upimaji wa seli na upimaji wa seramu haukubaliani, asirudie tu mpaka vipatane. Aandike, na amwambie tabibu. Kundi AB haliingii katika hesabu hii.

Kisha kuna vipimo vinavyodanganya. Vipimo vya haraka vya VVU hutafuta kingamwili. Mtoto asiyeweza kutengeneza kingamwili anaweza kuwa na VVU na kipimo kikasoma hasi. Kwake ni lazima itafutwe DNA au RNA ya kirusi chenyewe. Kipimo cha Widal cha homa ya matumbo kina udhaifu huohuo kwake. Kwa upande mwingine, mtoto aliyekwisha kupewa imunoglobulini, dawa ya kingamwili zinazotolewa kwenye damu ya wachangiaji, hubeba kingamwili za wachangiaji hao, na kipimo cha kingamwili cha homa ya ini aina B kinaweza kusoma chanya bila yeye kuwahi kuambukizwa. VVU kwa kawaida huipandisha IgG. VVU pamoja na globulini ya chini ni mchanganyiko unaotaka maelezo.

Kuhusu kusoma jeni, tumeeleza tu njia: damu iliyokaushwa kwenye karatasi maalumu, ambayo vituo vyetu vimezoea kuituma kwa ajili ya watoto wachanga waliozaliwa na akina mama wenye VVU, huhifadhi DNA vizuri, hivyo umbali peke yake si kizuizi. Ridhaa ya mzazi ni ya lazima, na siku kazi yetu itakapogusa sampuli za watu itapitia kwanza kibali cha maadili kinachosimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Novemba: dawa

Imunoglobulini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Dozi ya kawaida kwa mshipa ni miligramu 400 hadi 600 kwa kila kilo ya uzito kila baada ya wiki 3 hadi 4. Mtoto wa kilo 15 anahitaji angalau gramu 6 kila mara, maisha yake yote. Hutengenezwa kutokana na utegili (sehemu ya maji ya damu) wa maelfu ya wachangiaji, na hilo peke yake linaeleza bei yake. Hatukuficha ugumu huo, lakini tumekataa kuuacha ukurasa uishie hapo. Kutambua mapema kunabadilisha mengi hata kabla dawa hiyo haijapatikana: antibiotiki huanza mapema na kwa siku zinazotosha, kifua hufuatiliwa kabla njia za hewa hazijaharibika kabisa, maji ya kunywa huchemshwa kwa mtoto wa CD40LG na hupewa septrini ya kumkinga na Pneumocystis, na mama hupata ushauri kabla ya ujauzito unaofuata.

Mzazi akisikia kwamba kinga ya mtoto ni pungufu hufikiria VVU papo hapo. Karatasi ya mzazi kwa hiyo inaanza na matokeo ya kipimo cha VVU, ndipo ieleze jeni.

Kwa jeni chache jina la badiliko huamua dawa. Kwenye PIK3CD, badiliko la c.3061G>A huifanya protini ifanye kazi kupita kiasi, na dawa ya leniolisib inayoizuia iliidhinishwa Marekani mwaka 2023. Kasoro za LRBA na CTLA4 husaidiwa na dawa ya abatacept, ambayo huchukua nafasi ya protini iliyopungua. Kurasa hizo tumeziandikia madaktari wa rufaa.

Desemba: tulipofika

Kurasa za BTK, za jeni tano zinazofanana nayo na za kubadili aina ya kingamwili zimekamilika na zimepitiwa na daktari wetu. Fomu ya ukoo imechapwa, na nakala zimekwenda kwa tabibu wa Newala na muuguzi mmoja wa Masasi ili waitumie kwa majaribio na familia zao kwanza, kama tulivyofanya sisi. Ukurasa wa TNFRSF13B umerudishwa mezani: daktari anataka mabadiliko yanayoongeza uwezekano yaondolewe kabisa kwenye jedwali kuu na kuwekwa kwenye kiambatisho, na mimi nataka yabaki pale msomaji atakapoyakuta, yakiwa na onyo lake. Bado hatujakubaliana, na Bibi ametaka tumsomee sote wawili hoja zetu kwa sauti. NFKB1 ndiyo inayofuata, na baada yake nitaandika upya maelekezo ya kundi la damu pamoja na mchoro wa matone kwenye kigae, kwa sababu muuguzi wa Masasi aliyasoma na kuuliza seli za A na B za kulinganishia zitoke wapi pale ambapo hazinunuliwi. Jibu litaingia kwenye ukurasa huohuo: zitayarishwe kwa damu ya watumishi wenye makundi yanayojulikana, wakiridhia, zioshwe kwa maji ya chumvi ya hospitali, na zitumike siku hiyohiyo.